Anti, nimeota kivimbe huku chini, nikipasue?

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 27, niko Mafinga, nauza mitumba sokoni. Wiki mbili zilizopita naoga nikagusa kivimbe kwenye shavu la uke upande wa kushoto, chini kabisa karibu na mlango. Kama punje ya harage hivi, hakiumi, nikikibonyeza kinateleza. Jirani kaniambia nikipasue na wembe mpya nipake kitunguu swaumu, na mume wangu kaanza kuniuliza maswali ya ajabu. Anti, ni kansa hii?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo wembe urudishe dukani kabla hatujaongea lolote.

Kwa umri wako kansa ya hapo ni nadra sana. Pale ulipopataja, kulia na kushoto mwa mlango wa uke, kuna tezi mbili ndogo zinaitwa tezi za Bartholin, kazi yake ni kutoa ute wa kulainisha, sasa kijimfereji chake kikiziba ule ute unakosa pa kutokea unajikusanya ndani, ndo unapata hicho kiharage. Sijakuona kwa hiyo siwezi kuapa, lakini maelezo yako yanafanana nayo kabisa. Sio uchafu wako, hujalogwa, na mume wako mwambie kivimbe cha hivi sio ushahidi wa kuchepuka, mfereji unaweza kuziba tu kwa mtu yeyote.

Sasa wembe kwa nini hapana. Ukikipasua kinatoka maji, kidonda kinafunga juu, ute unajaa tena, ila safari hii umeshaingiza bakteria na unapata jipu. Ndo maana hata hospitali hawachani tu wakakuacha, mara nyingi wanashona zile kingo zibaki wazi ili ute upate njia. Na kitunguu swaumu hapo kinaunguza ngozi, nimeshaona mdada kababuka mpaka kutembea shida.

Cha kufanya, chemsha maji, changanya kwenye beseni safi yawe ya vuguvugu (pima kwa kiwiko, najua baridi ya Mafinga inavyomtamanisha mtu maji ya moto, usijiunguze), ukae humo dakika 10 mpaka 15, mara 3 au 4 kwa siku, siku kadhaa. Usiweke dettol wala chumvi, maji matupu. Usikibinye. Vaa chupi ya pamba, na ukinawa usiingize sabuni ndani.

Hata kama hakiumi nenda kituo cha afya wakakione, ukiona aibu omba nesi wa kike. Lakini kikianza kuuma ukashindwa kukaa, kikawa chekundu cha moto, ukapata homa, usisubiri kesho, hilo ni jipu. Hapo wanaweza kupima na magonjwa ya zinaa, usikasirike, mara nyingi ni bakteria wa kawaida tu ila kuna majipu yanayosababishwa na kisonono.

Ukiona vinyama vingi vya kukwaruza kama koliflawa, hayo ni masundosundo, yanatoka kwa kirusi cha HPV, matibabu yake mengine kabisa. Na kama mama yako au mtu yeyote aliyevuka miaka 40 akiota kivimbe kipya huko, au kidonda kisichopona, au kinatoa damu, huyo asikalie beseni, aende wakate kinyama kidogo wakipime.

Ukishaonwa niandikie walisemaje.