Kumpa wakala nyumba hakukuondolei usajili (Wales)

Je, mwenye nyumba anayempa wakala nyumba yake aipangishe anaepuka kusajiliwa? La, hata kama nyumba yako ya Cardiff iko mikononi mwa wakala, jina lako lazima lisajiliwe Rent Smart Wales, ofisi inayosajili wenye nyumba za kupangisha Wales. Sheria ya Nyumba ya Wales ya 2014 haijali unaishi Cardiff au Dubai. Leseni ya kupangisha na kusimamia nyumba ndiyo anayoibeba wakala. Ukitafuta wapangaji na kukusanya kodi mwenyewe, utaihitaji nawe, ya miaka 5. Mimi ni mpangaji: nilitafuta anwani yangu kwenye daftari la Rent Smart Wales mtandaoni, nikamkuta wakala yumo, mwenye nyumba hayumo! Asiyesajiliwa hawezi hata kutoa ile notisi ya kuhama isiyo na sababu. Scotland wana daftari lao, usajili huhuishwa kila miaka 3.