Jibu: One Cut of the Dead, usiizime kabla ya dakika ya 37

Habari ndugu. Umesema uliizima One Cut of the Dead baada ya robo saa kwa sababu kamera inayumba na waigizaji wanababaika, na sasa unashangaa mbona wenzako wanaisifu kiasi hicho. Hata mimi mara ya kwanza niliiachia njiani.

Angalia kwanza uliishia wapi. Filamu hii ya Kijapani ya mwaka 2017, ya Shinichiro Ueda, inaanza na mkupuo mmoja wa dakika 37 bila kukatwa. Ukitoka humo katikati, ulichoona ni filamu mbovu ya mazombi, na huna kosa kuichukia.

Irudie, ila safari hii zishike zile kasoro. Damu inarukia lenzi, mkono unakuja kuifuta. Watu wanasimama kimya, kisha wanaanza kuulizana wanapenda kufanya nini wakiwa na nafasi. Kamera inalala chini muda mrefu mno. Sababu utazikuta baadaye, upande wa wale wanaoipiga hiyo picha. Siongezi neno, nitakuharibia. Mimi nilicheka mpaka machozi, halafu nikawaonea huruma.

Wanaosema nusu saa ni ndefu mno kumvumilisha mtazamaji wana hoja, ila naona bila kero ile vichekesho vya mbele vingepoa kabisa. Kama ulitaka kutishwa tu, hata ukiimaliza haitakutisha.