Fomu ya 1099-G: karatasi mbili tulizozisoma kinyume

Februari 2023 nilikaa kwenye meza ya jikoni na bahasha mbili, zile za kuchana pande tatu ndiyo zifunguke. Zote zilikuwa na fomu yenye jina moja, 1099-G, na zote zilitoka serikali ya jimbo tunaloishi hapa Marekani. Ya kwanza ilikuwa ya mume wangu, kutoka ofisi inayolipa mafao ya waliokosa kazi. Ya pili ilikuwa yangu, kutoka ofisi ya kodi ya jimbo, ikisema kwamba mwaka 2022 nilirudishiwa dola 412.

Ile ya mafao niliiweka kando. Ile ya dola 412 niliiandika kama kipato kwenye ritani, yaani fomu ya kodi tunayojaza kila mwaka. Nilikosea kote kuwili, na Aprili mwaka uliofuata ikaja barua ya IRS, ofisi ya kodi ya serikali kuu.

Naandika haya kwa sababu kila Januari ndugu na jamaa wananitumia picha za fomu hii kwenye WhatsApp, na naona wengi wanaelekea kule kule tulikoelekea sisi. Wanaogopa karatasi ya marejesho na kuidharau ya mafao. Kwa familia nyingi za huku, ya mafao ndiyo inayodaiwa kodi, na ya marejesho haidaiwi kitu.

Nianze na mafao, maana ndiyo yaliyotuumiza.

Mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani mwaka 2022 akakaa nje wiki 16. Alilipwa dola 430 kwa wiki. Ukizidisha unapata dola 6,880, na hiyo ndiyo namba iliyokuwa kwenye kisanduku namba 1 cha fomu yake. Tulipouliza watu, kila mmoja alitujibu kwa uhakika kwamba pesa ya mafao haikatwi kodi. Baadaye ndipo nilipojua kauli hiyo imetoka wapi. Machi 2021 Rais Biden alisaini sheria iliyosamehe kodi ya serikali kuu kwenye mafao hadi dola 10,200 kwa kila mtu, kwa wenye kipato cha chini ya dola 150,000. Lakini msamaha huo ulikuwa wa mafao ya mwaka 2020 peke yake, mwaka wa korona. Uliisha hapo. Watu waliusikia, wakafurahi, wakaendelea kuusimulia kama vile upo hadi leo. Kabla ya hapo, kwa kawaida mafao yote yalikuwa yakitozwa kodi ya serikali kuu tangu sheria ya mwaka 1986, na baada ya 2020 utaratibu ulirudi vile vile.

Kwa hiyo kama ulilipwa mafao, yaandike. Yanaingia kwenye kiambatisho kinachoitwa Schedule 1, mstari wa 7, halafu yanahamia kwenye fomu kuu ya 1040. Usidhani hawajui. Nakala ya fomu ile ile uliyoletewa wewe imeshapelekwa IRS, na kompyuta zao zinalinganisha. Tena hata kama hukuletewa karatasi yoyote, deni lipo. Majimbo mengine siku hizi hayatumi kwa posta. Fomu inawekwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni, ile ile uliyokuwa unaingia kila wiki kuomba malipo. Na sisi tunaohamahama nyumba, bahasha inakwenda kwenye anwani ya zamani. Fomu inatakiwa itolewe kufikia tarehe 31 Januari. Ikifika katikati ya Februari hujaiona, ingia kwenye akaunti au wapigie simu.

Kuna jambo moja linawachanganya wengi, na kulielewa kutakuokoa na hofu ya bure. Namba ya kisanduku cha kwanza ni pesa kabla ya makato, si ile iliyoingia benki. Dada mmoja Mkongo alikuja kwangu na taarifa ya benki mkononi, akisema ofisi imemwongezea dola 500 ambazo hajawahi kuziona. Tukaangalia kisanduku namba 4: kodi iliyokatwa, dola 500 kamili. Ndizo hizo. Alikuwa ameweka tiki kwenye swali la kukatwa kodi siku aliyoomba mafao, akasahau. Na hizo dola 500 ni mali yake, zinahesabiwa kama kodi aliyokwisha kulipa, mradi azijaze kwenye mstari wa 25b wa fomu ya 1040. Angeitupa karatasi, angezipoteza.

Mume wangu hakuweka tiki hiyo. Ukiomba mafao unaulizwa kama unataka wakate kodi ya zuio, na kwa serikali kuu kiwango ni kimoja tu, asilimia 10. Kama ulikataa mwanzoni unaweza kubadili baadaye kwa fomu ya W-4V au ile ya jimbo lako. Namwelewa kila anayekataa. Mtu amekosa kazi, pango la nyumba linamngoja, anataka kila senti leo. Lakini tazama hesabu yetu. Tulikuwa kwenye ngazi ya asilimia 12. Asilimia 12 ya 6,880 ni dola 825 na senti 60. Kama angekatwa asilimia 10 tangu mwanzo, dola 688 zingekuwa zimeshalipwa kidogo kidogo, dola 43 kwa wiki, na tungebaki kudaiwa kama dola 138. Badala yake tulidaiwa zote kwa mpigo, na riba juu yake, wakati ambao gari lilikuwa bovu.

Mwenye watoto wadogo aangalie na lile punguzo la kodi la wenye kipato kidogo, EITC. Mafao hayahesabiwi kama kipato cha kazi, kwa hiyo hayakusaidii kulipata, lakini yanaongeza jumla ya kipato chako na yanaweza kulipunguza. Ndiyo maana familia moja inashangaa marejesho yao yameshuka mwaka ambao baba hakufanya kazi.

Sasa ile karatasi ya pili, iliyojazwa kwenye kisanduku namba 2. Hiyo ni pesa ambayo ofisi ya kodi ya jimbo ilikurudishia kwa kuwa ulikatwa kodi nyingi kupita ilivyotakiwa. Ni pesa yako mwenyewe inarudi. Kwa nini basi wakuletee fomu? Kwa sababu kuna watu ambao mwaka wa nyuma waliorodhesha makato yao moja moja, wakaitaja kodi waliyolipa kwa jimbo, wakapunguziwa kodi ya serikali kuu kwa sababu yake. Mtu wa namna hiyo akirudishiwa sehemu ya ile kodi, atakuwa amefaidika mara mbili, ndiyo maana serikali kuu inataka aitaje.

Lakini kama mwaka ule ulitumia punguzo la kawaida, lile lililoandikwa standard deduction, hukuitaja kodi ya jimbo popote. Hukufaidika nayo. Basi marejesho yake si kipato, hayatozwi chochote. Na walio wengi kwetu, wapangaji, wenye mishahara ya kawaida, wanatumia punguzo hilo, maana ni kubwa: kwa mwaka 2022 lilikuwa dola 25,900 kwa mke na mume wanaojaza pamoja. Mpaka uwe na mkopo wa nyumba wa kutosha au sadaka nyingi kanisani au msikitini zenye risiti ndipo kuorodhesha kunalipa.

Chukua ritani ya mwaka ulioandikwa kwenye kisanduku namba 3, si ya mwaka huu, uangalie kama ina karatasi iitwayo Schedule A, ile ya kuorodhesha makato. Haipo? Weka fomu kwenye faili, endelea na maisha. Ipo? Basi kaa na mtu anayejua, kwa sababu hata hapo mara nyingi ni sehemu tu ya marejesho inayohesabiwa, na waliochagua kutaja kodi ya mauzo badala ya kodi ya mapato ya jimbo hawadaiwi.

Mimi sikuangalia. Niliona neno la kodi na namba, nikaandika 412, nikailipia kodi ya dola 49 ambayo hakuna aliyenidai.

Kwa upande wa kodi ya jimbo, kila mahali na sheria yake. California, Pennsylvania na New Jersey hazitozi mafao ya kukosa kazi. Texas na Florida hazina kabisa kodi ya mapato ya mtu binafsi. Majimbo mengi yaliyobaki yanatoza, na kama kuna kodi ya jimbo iliyokatwa kwenye mafao, nayo imeandikwa chini ya fomu hiyo hiyo.

Nirudi kwenye barua. Inaitwa CP2000, jina limeandikwa pembeni juu kwa herufi ndogo. Mume wangu aliisoma akakaa kimya jioni nzima, alidhani tumeshtakiwa. Si mashtaka. Ni pendekezo: wanasema tuliona hiki, wewe uliandika kile, unakubali au hukubali? Unapewa siku 30 kujibu kuanzia tarehe ya barua, na ukihitaji muda zaidi unawapigia kabla hazijaisha. Kosa kubwa ni kuiacha juu ya friji. Tulijibu kwamba mafao tunakubali, tukaambatanisha maelezo kwamba zile dola 412 ziliandikwa kimakosa kwa kuwa tulitumia punguzo la kawaida mwaka uliotangulia. Walizikubali. Tukaomba kulipa kwa awamu, nayo wakakubali.

Hatukufanya hayo peke yetu. Kuna kliniki zinazoitwa LITC, zinazosaidia wenye kipato kidogo wanapogombana na IRS, bure au kwa ada ndogo sana, na kazi yao mojawapo ni kuwahudumia wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Omba mkalimani wa Kiswahili bila aibu. Kwa kujaza tu ritani, nenda kwenye huduma ya bure iitwayo VITA, mara nyingi wako maktaba au kwenye kituo cha jamii. Ni watu wa kujitolea waliofanyiwa mtihani. Afadhali upange foleni hapo kuliko kumpa fundi wa mtaani anayetaka asilimia ya marejesho yako na hataki kutia sahihi. Anayelipwa kujaza ritani anatakiwa kisheria aisaini na aweke PTIN, namba yake ya IRS ya wajazaji wa ritani.

Kuna na bahasha ya aina ya tatu, naiona bado. Mzee mmoja jirani yetu alipokea 1099-G ya mafao ambayo hajawahi kuomba maishani; mtu ameiba jina na namba yake ya Social Security. Alitaka kuilipia kodi ili yaishe. Nikamwambia hapana, baba. Usiandike pesa ambayo hukuipata. Toa taarifa ofisi ya mafao ya jimbo iliyotajwa kwenye fomu, omba fomu iliyosahihishwa, jaza ritani yako kwa kipato cha kweli bila kusubiri jibu lao, kisha omba IRS wakupe ile PIN ya tarakimu sita ya kuzuia mtu mwingine kujaza ritani kwa jina lako. Tuliketi naye saa mbili kwenye simu. Fomu iliyosahihishwa ilikuja baada ya wiki kadhaa, kisanduku namba 1 kikiwa na sifuri, naye ameihifadhi pamoja na hati zake za uraia.