Sindano ya pili ndiyo inaua, juu ya nini?

SWALI: Jambo mukubwa. Niko nasoma biolojia hapa Bukavu, na kwetu Kadutu tunafuga kobayi (simbilisi) jikoni tangu zamani. Profesa alituambia kule labo wanachoma kobayi ute kidogo wa yai, hakuna shida, kisha wiki tatu wanarudilia na anakufa palepale. Sasa yai linageuka sumu namna gani? Na mbwa naye anakufa vile? (Mwanafunzi, Kadutu)

JIBU: Mudogo, yai halikugeuka, ni kobayi ndiye amegeuka. Kwa sindano ya kwanza mwili unaona protini ngeni, unaanza kutengeneza antibodi, zile protini za kukamata kitu kigeni, na kazi hiyo inakula wiki mbili tatu, ndio maana ukirudilia kesho yake hauoni kitu. Antibodi zinaenda kujibandika kwenye seli za masti, zile zimejaa histamini, kemikali ya kubana misuli. Ute ukiingia tena kwa mshipa unazikamata antibodi mbili mbili, na seli zinamwaga yote mara moja.

Sasa histamini inapiga wapi, hapo kila mnyama na kwake. Kobayi ana misuli minene kwenye vijia vya hewa, basi anajikuna pua, anakohoa, anarukaruka, hewa inaingia lakini kutoka hapana, dakika chache amekwisha, na ukimpasua unakuta mapafu yamevimba kama puto, hayataki kunywea. Mbwa anakufa pia, ila yeye ni ini: mishipa ya kutoa damu pale inajibana, damu inakwama tumboni, presha inaanguka, anatapika, anaharisha damu. Sungura ni mshipa wa kutoka moyoni kwenda mapafuni. Panya naye histamini haimutishi sana, wa labo wanampima joto la mwili tu, linavyoshuka.

Na ni kwa mbwa ndiyo ilijulikana. Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walitaka kuwazoesha mbwa sumu ya anemoni, mnyama wa bahari, eti wapate kinga, mbwa mumoja jina lake Neptune alikuwa mzima kabisa, wakamchoma tena kadozi kadogo, dakika 25 akafa. Mwaka 1902 wakaiita anafilaksi, maana yake kinyume cha kinga, na Richet akapata Nobel 1913 (Neptune yeye hakupata kitu).

Kama bado una mashaka kwamba shida haiko kwa yai, muulize profesa juu ya serumu: wanatoa serumu (maji ya damu, ndimo antibodi ziko) kwa kobayi aliyekwisha kuchomwa, wanamtia mwingine, wanangoja mpaka kesho, wanamchoma ute, na huyo naye anaanguka vilevile, hata kama yai hajawahi kuliona.