Dogo kaandikiwa 1/1, je mahakama ya rufaa itamsikiliza?

SWALI: Shikamoo wakili. Sisi ni Wakongo tuliozaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaja Kentucky 2010. Mdogo wangu kazaliwa Novemba 1998, mama anakumbuka mvua zilishaanza, ila makaratasi yote yanasema 1/1/1998. Baba kala kiapo cha uraia Machi 2016, dogo tayari ana grini kadi na anakaa na baba. Baadae akafungwa kwa madawa, jaji wa uhamiaji kaamuru arudishwe Congo ambako hajawahi hata kukanyaga, na juzi bodi ya rufaa za uhamiaji imekataa, wanasema wakati baba anaapa, dogo alikuwa kashatimiza 18. Ndo mwisho?
Dada mtu, Kentucky

JIBU: Marahaba dada. Sio mwisho, na hizo 1/1 za kambini zimeshawaponza wengi, karani hana tarehe anajaza tu Januari mosi basi mtu anatembea nayo maisha yote.

Sheria iliyoanza 27 Februari 2001 inasema mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi Marekani chini ya ulezi wa mzazi raia, anakuwa raia hapohapo hata bila kuomba. Kwa hiyo kama ni Novemba, siku ya kiapo dogo alikuwa na 17 na ni raia, na raia hadipotiwi hata awe na kesi gani. Kosa la madawa linaweza kumfungia milango mingi ya rufaa, ila swali la uraia halifungiwi, Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema tangu 1922 kwamba anayedai uraia lazima asikilizwe na mahakama yenyewe, sio maafisa wa uhamiaji tu.

Kama kesi ilisikilizwa hukohuko Kentucky basi rufaa inaenda mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Cincinnati. Hawa majaji hawapokei mashahidi, wanasoma faili. Ubishi ukiwa wa sheria tu wanaamua wenyewe, lakini wenu ni wa ukweli, kazaliwa lini, na hapo wakiona kuna ushahidi wa kubishania wanaipeleka mahakama ya wilaya ya shirikisho isikilizwe upya kabisa, mama apande kizimbani aelezee hizo mvua.

Mzigo wa kuthibitisha ni wenu lakini, maana kazaliwa nje. Na serikali itatoa leseni ya gari ya dogo waseme mbona hii 1/1 ulisaini mwenyewe? Tafuteni tangazo la kizazi la hospitali ya kambini, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, chochote cha zamani chenye Novemba, karatasi ya 1998 ina uzito kuliko kiapo cha juzi.

Mna siku 30 tu, zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi wa bodi sio siku mliyofungua bahasha, na kufungua rufaa peke yake hakuzuii ndege, mwambieni wakili aombe na zuio la kumrudisha siku hiyohiyo.