Iran na Ushia: hesabu kuanzia 1501
Je, Iran ilikuwa ya Kishia tangu Uislamu ulipoingia? Hapana. Wengi walikuwa Masunni hadi 1501, Shah (mfalme) Ismail wa Kwanza alipoutwaa mji wa Tabriz na kutangaza Ithnaashari, Ushia unaowafuata Maimamu 12 wa ukoo wa Mtume, kuwa madhehebu ya dola. Askari wake, Qizilbash, walijulikana kwa kofia nyekundu yenye mikunjo 12, mmoja kwa kila Imamu. Panga alikuwa nazo. Masheikh ndio waliokosekana! Ikabidi Wasafavi, ukoo wake wa kifalme, waalike wanazuoni Waarabu, hasa kutoka Jabal Amil, kusini mwa Lebanoni ya leo, wafundishe fikihi na kusimamia misikiti. Ila miji kama Qom na Kashan ilikuwa ya Kishia hata kabla yake, na kwingineko watu walibadilika taratibu, vizazi kadhaa.