Kitanda Kinapozunguka, Shingo Inasingiziwa

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka 54, nauza omena sokoni Kibuye. Tangu mwezi jana, nikigeukia upande wa kulia kitandani, paa linazunguka hadi natapika. Halafu linatulia lenyewe baada ya muda mfupi. Nikiinua uso kushusha kitu juu ya kabati, ni vilevile. Presha nilipimwa ikawa 126 kwa 80, na malaria haikuonekana. Sasa kijana wangu amepata bwana mmoja mjini anayetibu kwa kairopraktiki, yaani kunyoosha mifupa ya mgongo na shingo kwa mikono. Anasema mfupa wa kwanza wa shingo yangu umehama kwa kubeba karai kichwani miaka mingi, na ataurudisha kwa kunikanda na kuvunja shingo, yaani kuikunja ghafla hadi ialike, mara 12, shilingi 2,500 kila mara. Niende? – Mama Omena, Kisumu

JIBU: Mama, pole sana. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini watu wenye kizunguzungu nimewashika vichwa kwa miaka 19 hapa Kisumu. Barua yako nimeisoma na kupigia mstari maneno matatu: "nikigeukia", "kulia" na "muda mfupi". Hayo yananielekeza kwenye sikio lako la kulia kuliko shingoni.

Ndani kabisa ya sikio kuna vifereji vitatu vyenye maji, ambavyo huujulisha ubongo kichwa kimegeukia wapi. Jirani yao kuna kifuko chenye vijiwe vya chokaa, vidogo hata jicho halivioni. Umri ukisogea, au mtu akigonga kichwa, vijiwe vingine hubanduka na kutumbukia kwenye kifereji. Ukilala na kugeuka, vinaserereka na kusukuma yale maji. Ubongo unaambiwa unazunguka ilhali umelala tu. Vikitua, paa nalo linatulia, kwa kawaida kabla dakika haijaisha.

Kipimo chake hakitaki mashine. Kuna mwalimu mmoja aliyeletwa kwangu akiwa ameshikwa mikono huku na huku kama mzee. Nilimketisha kitandani, nikamgeuza uso kulia, nikamlaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano mboni zikaanza kurukaruka, zikijizungusha kuelekea sikio la chini, naye akakamata koti langu kwa mikono yote miwili. Sikumwachilia. Kwenye ishirini na kitu macho yakatulia. Jibu lilikuwa hapo, machoni mwake.

Tiba ilifuata palepale. Unakigeuza kile kichwa kwa hatua hadi upande wa pili, kisha mgonjwa anageuka na mwili mzima mpaka anatazama sakafu, halafu anainuka. Kila hatua tunangoja kama nusu dakika ili vijiwe vitelemke na kurudi kifukoni. Njia hii iliandikwa mwaka 1992 na John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Marekani. Mwalimu yule alipoketi aligeuza kichwa polepole mno, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akageuza tena. Wengi hupona kwa mara moja au mbili, ingawa vijiwe vinaweza kutoka tena miaka ya mbele.

Sasa shingo. Mfupa huo wa kwanza unaitwa atlasi, kwa jina la jitu la hadithi za Wayunani lililobeba mbingu mabegani, kwa hiyo naelewa kwa nini mtu aliyebeba karai maisha yake yote aambiwe umehama. Lakini ungehama kweli, mama, usingekuwa Kibuye ukipima omena, ungekuwa umelazwa. Na neva ya sikio haipiti shingoni hata kidogo. Inatoka sikioni na kuingia kwenye ubongo, yote ndani ya fuvu. Kairopraktiki ilianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Marekani, mwaka 1895, na mgonjwa wake wa kwanza anayetajwa alikuwa mtu mwenye shida ya kusikia. Mwanawe B. J. ndiye aliyekazania mifupa ya juu ya shingo. Masikio na shingo vimefungwa pamoja tangu siku hizo, lakini kwa kizunguzungu kama chako, kuvunja shingo hakurudishi kijiwe hata kimoja.

Sisemi shingo haina lake. Mtu aliyeanguka na boda, shingo ikakaza na kichwa kikawa chepesi kila anapoigeuza, namsaidia kwa kumnyoosha taratibu na mazoezi, baada ya sababu nyingine kuondolewa. Na mtaalamu wa kairopraktiki aliyesomea kazi yake vizuri atakulaza kwanza atazame macho yako. Huyo wa kijana wako alikutazama macho?

Linalonikosesha usingizi ni kule kukunja shingo kwa ghafla. Mishipa miwili ya damu inapanda ndani ya matundu ya mifupa ya shingo, inajikunja juu ya atlasi, ndipo iingie kulisha ubongo wa nyuma. Ikichanika, mtu anaweza kupata kiharusi. Si jambo la kila siku, lakini kulihatarisha kwa ugonjwa ambao dawa yake ni kugeuza kichwa kitandani, siwezi kukubali. Tena mshipa uliokwisha kuchanika huleta kizunguzungu na maumivu mapya makali ya shingo, na mtu mwenye hali hiyo ndiye asiyefaa kuguswa shingo kabisa. Ukiona hayo, au ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza au upande mmoja kulegea, usiningoje, kimbia hospitali usiku huohuo.

Kwa hivyo weka hizo elfu 30. Nenda kliniki ya masikio, pua na koo pale hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, uwaambie maneno yaleyale uliyoniandikia. Kabla ya hapo, inukia upande wa kushoto, keti ukingoni mwa kitanda kidogo ndipo usimame, na karai abebe mwingine. Usipande boda peke yako siku hiyo. Nenda na kijana wako, asimame karibu ukilazwa, ayaone macho yako mwenyewe.